Kamba ya Hoza

Picha tumezimwaga mkekani, Barabara ya Kumi na Tatu,
Hoza anazipanga chali kama karata.
Miaka saba tulilisha kibubu kimoja, wanne,
elfu themanini kila mwezi,
na pasipoti yake ikatoka siku tisa baada ya ndege.

Hatuzungumzii hizo siku tisa.

"Anzeni na chakula," anasema.

Basi tukaanza na Salvador,
mji wa ghorofa mbili, wa juu na wa chini,
katikati lifti: unalipa sarafu, unapandishwa mjini.
Kona ya kwanza tu, mama wa kilemba cheupe
anakaanga bajia. Za kunde, Hoza!
Kunde zilizomenywa, kama za Bi Mwanasiti pale Makorora,
ila mafuta ni mawese, na ndani yake kamba.
Hoza akainua uso. "Kamba?"
Wa kuliwa, tukasema. Yako inakuja.

Mwanamkuu alichoka kusimama, akasema, "Meza,"
na meza ikaletwa.
Tangu hapo akawa mjuzi wa Kireno:
kopo, bendera, leso,
anayatamkia puani na wanamwelewa.
Aliyeponzwa ni Singano. Mwenyeji anamwonyesha jengo la dhahabu,
"igreja, igreja," karibu ndani,
yeye kasikia gereza, kakumbatia nguzo ya taa:
"Mimi nimekosa nini?"
Tulicheka mpaka basi la Feira de Santana likatuacha.

Feira si mji wenye soko, ni soko lenye mji.
Pale tuligombana. Picha haionyeshi.
Pesa za tiketi mpya, na nani alisinzia na nauli,
na Mwanamkuu akasema laiti angekuja Hoza badala yenu,
Hoza ndiye ajuaye kuhesabu.
Tukala kimya, kila mtu na unga wake wa muhogo.
Usiku Singano, ambaye hata barua ya posa aliandikiwa,
akaandika nyuma ya tiketi:

    Tu watatu safarini, kiti cha nne ni chako,
    kitupu hapa garini, kimebeba jina lako,
    abiria wa njiani, wakikitaka ni mwiko,
    kamba yako mkobani, yatuvuta tuje huko.

Hoza anaisoma tiketi mara mbili,
anaitia mfuko wa shati, hasemi kitu.

Kisha Valente. Ukifumbua macho unadhani Pongwe.
Mkonge, mkonge, vumbi, mbuzi, mkonge,
nyuzi zimeanikwa kama nywele zilizotoka kuoshwa.
Hawana korona kubwa kama yetu;
mashine yao ndogo, ya magurudumu,
inavutwa hadi shambani na kupiga kelele kuliko ukubwa wake.
Mwenye mashine, Adenilson, akatoa mkono:
vidole vitatu.
Singano akatoa wake, ule wa Ngomeni:
vitatu.
Wakashikana hivyo, muda mrefu kuliko desturi.
Hakuna aliyetafsiri.

Tukampa kamba uliyosokota. Akaifumua ncha, akainusa,
akaikata katikati, Hoza, usikasirike,
nusu akaitundika mlangoni kwake,
na nusu akaiungia ya kwake. Hii hapa.

Hoza anaipitisha kiganjani, macho kafumba,
anatafuta kiungo.
Anakipita. Anarudi. Anakipita tena.
Anainuka, anafunga gunia la mkaa nyuma ya baiskeli,
analitikisa, analipiga teke.
"Imeshika."

Anakaa. Imebaki picha moja.
"Na hapa?"
"Recife," nikasema. "Mvua tu. Siku tatu hatukutoka nje,
hukukosa kitu."
Wenzangu wakaitikia, mvua, mvua tupu.
Anaitazama: daraja, mto,
sisi watatu tumekunja nyuso kwa jua.
"Poleni," anasema, "mvua ya ugenini ina kero,"
anairudisha mkekani,
kifudifudi.